Tangazo halijawa lumbesa, limeshindiliwa tu

Juzi nilikuwa Ujiji kwa shangazi, saa mbili na nusu usiku, tunatazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Mume na mke wananong'onezana jikoni. Shangazi akaongeza sauti, akaongeza tena, ikafika 38. Mara likaingia tangazo la sabuni. Mjukuu aliyelala mkekani akashtuka, kilio. Shangazi akapapasa rimoti yake ya kufungwa nailoni, akaikuta chini ya mto.

"Baba, hizi si ndiyo kazi zako? Hao wenye televisheni wanatuona viziwi?"

Ni kazi zangu kweli. Nachanganya sauti za matangazo hapa Kigoma, na dhambi nyingine ni zangu mwenyewe.

Wengi hudhani tangazo ni lumbesa, kwamba kituo kimelijaza likavuka mdomo wa gunia. Halivuki. Mitambo ya kurushia ina kikomo, na tamthilia na tangazo vyote hukomea hapo. Fikiria ndoo mbili za dagaa pale Kibirizi: mmoja anamwaga tu, mwenzake anatikisa, anagandamiza kwa kiganja, anaongeza. Zote zimejaa hadi mdomoni, ila hebu zinyanyue.

Kwenye kompyuta yangu, sauti ya tamthilia inaonekana kama milima: mlango ukibamizwa ni kilele, mnong'ono ni bonde. Tangazo langu la sekunde 30 ni tofali. Tuna kifaa kinaitwa kompresa. Kinabana vilele, kisha mimi napandisha vyote kwa pamoja hadi mabonde nayo yanakaribia kikomo. Hata pumzi ya msomaji unaisikia. Halafu naongeza kidogo kati ya hezi 2,000 na 5,000, maana hapo ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi kuliko kwingine. Ukubwa wa sauti sikio hulipima kwa ile inayodumu kuliko kwa kishindo cha mara moja. (Na kama dagaa, sauti ikishindiliwa sana huvunjika. Ndiyo maana matangazo huchosha hata ukipunguza.)

Kwa nini nafanya hivyo? Mwenye duka moja la sola aliketi nyuma yangu studio, akasikiliza, akasema, "Kaka, la jirani yangu linasikika kuliko hili. Pandisha." Nikapandisha. Mwezi uliofuata akaja yule jirani.

Wenzetu walichoka mapema. Marekani, Rais Obama alitia saini Desemba 2010 sheria ya kuzuia matangazo yasizidi sauti ya vipindi, ikaanza kubana Desemba 2012. Mzani wenyewe ulikuwepo tangu 2006, umetolewa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa: hesabu inayopima sauti kwa namna sikio linavyoisikia, badala ya kutazama urefu wa vilele. Ulaya wakakubaliana mwaka 2010 kwamba kila kipindi na kila tangazo wastani wake uwe desibeli 23 chini ya kikomo cha mitambo. Marekani ni 24. Wajanja wangeweza kutia kimya katikati ili wastani ushuke, lakini mzani ukarekebishwa, sasa sehemu za kimya unaziruka.

Hata mzani huo usingemwokoa shangazi. Wastani wa tamthilia unachukuliwa kwa kipindi kizima, pamoja na bunduki, harusi na muziki wa kuliza. Mnong'ono wa jikoni uko chini kabisa ya wastani huo, wakati tangazo limekaa palepale kwenye wastani tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Na wakati linaingia, shangazi mwenyewe alishafika 38. Televisheni yake ni ya zile nyembamba, spika zimetazama ukutani. Maneno ya chinichini yanapotelea huko nyuma.

Niliingia kwenye mipangilio ya sauti, nikawasha kile kipengele cha kusawazisha, televisheni ikaanza kushindilia kila kitu yenyewe. Tangazo likaja, likapita, mtoto hakugeuka.

Ijumaa simu ikaita. Hata shikamoo hakuingojea. Taarabu yake imekufa, anasema, ngoma haipigi, fidla na mwimbaji wamekuwa kimo kimoja.

"Njoo unitolee hicho kidude chako, baba."

Nimekwenda nimekitoa. Rimoti amerudi kuilalia.