Ndege Inapotua Kimshazari: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Upepo Mkali

Dhana: Pua ikiangalia pembeni, rubani amezidiwa

Hakuna linalowatisha watazamaji kama hili, na hakuna linaloeleweka vibaya zaidi. Ndege husafiri ndani ya hewa, na hewa hiyo ikihamia kushoto, ndege huhama nayo. Rubani akilenga pua moja kwa moja kwenye njia ya kurukia huku upepo ukimpiga ubavuni, atajikuta juu ya nyasi. Kwa hiyo huigeuza pua kidogo kuelekea upepo unakotoka, kama mpiga makasia anayevuka mto huku mtumbwi wake ukielekea juu ya mkondo. Ndege huja imepinda, lakini inafuata mstari wa katikati sawasawa. Pua ikiwa imenyooka kabisa katika upepo wa namna hiyo, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Muda mfupi kabla ya kugusa lami, rubani hukanyaga pedali ya usukani wa mkia ili kuinyoosha pua, na papo hapo huliinamisha kidogo bawa la upande wa upepo lisije likanyanyuliwa. Ndiyo maana magurudumu ya upande mmoja huweza kutangulia kugusa. Baadhi ya ndege kubwa huruhusiwa hata kutua zikiwa bado zimepinda kidogo, hasa lami ikiwa imelowa.

Mipaka ipo. Kwa ndege ya abiria ya Airbus A320, upepo wa ubavuni uliojaribiwa na kuthibitishwa ni noti 33 (noti ni kipimo cha mwendo), na noti 38 zikihesabiwa dharuba zake, yaani kama kilomita 70 kwa saa. Tarakimu hiyo si mahali ambapo ndege hushindwa. Ni upepo mkali kuliko wote uliopatikana siku za majaribio. Mashirika mengi hujiwekea mipaka yao, na rubani mgeni katika kazi mara nyingi hupewa mpaka wa chini zaidi.

Dhana: Rubani hodari hutua bila abiria kusikia

Siku tulivu, na njia ndefu iliyokauka, sawa. Siku ya upepo na mvua, kutua kwa ulaini ni anasa. Ndege nyingi za abiria hugusa lami zikiwa na mwendo wa karibu kilomita 250 kwa saa, maana yake kila sekunde inayopotea ikielea juu ya njia inakula takriban mita 70 za lami. Kishindo cha wastani hupenya maji yaliyotuama, magurudumu yakashika, na vibao vya juu ya mabawa vikainuka kuua nguvu ya kunyanyua ili uzito wote ushuke kwenye breki. Makofi ya abiria nadhani yangefaa zaidi kwa kishindo hicho kuliko kwa ule ulaini.

Dhana: Ndege ikipaa tena bila kutua, imeponea chupuchupu

Kwa kawaida la. Kufikia urefu wa futi 1,000 au 500 kutoka ardhini, kutegemea hali ya hewa na kanuni za shirika, mwendo, mteremko na nguvu ya injini lazima viwe vimetulia. Visipotulia, rubani anatakiwa kuongeza nguvu na kupaa. Mafuta ya kufanya hivyo yamo tayari: ndege ya jeti hubeba ya kufika kiwanja mbadala, na juu yake ya kuzunguka dakika 30 nyingine.

Yapo matukio ambayo kweli yalikuwa ya hatari. Tarehe 1 Machi 2008 huko Hamburg, bawa la A320 ya Lufthansa liligusa lami katika dharuba zilizofika noti 47. Marubani walipaa, wakazunguka, wakatua salama kwenye njia nyingine iliyouelekea upepo vizuri zaidi. Hakuna aliyeumia. Wanaoisambaza video yake husahau kwamba kupaa tena ndiko kulikookoa.

Dhana: Adui ni upepo mkali

Upepo wa mbisho, unaokuja usoni, ni rafiki wa anayetua: ndege inabebwa vizuri na hewa huku ikienda polepole zaidi juu ya ardhi. Upepo wa nyuma ndio unaobanwa. Ndege nyingi haziruhusiwi kutua ukizidi noti 10 au 15.

Kinachoua ni upepo unaobadilika ghafla karibu na ardhi. Chini ya wingu la radi, hewa baridi huweza kuporomoka wima, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Ndege inayoingia humo hupokewa kwanza na upepo wa mbisho: inanyanyuka, na rubani anashawishika kupunguza nguvu. Kisha hewa inaisukuma chini. Mara upepo unakuja kutoka nyuma, na mabawa yanapoteza uwezo wa kubeba.

Ted Fujita, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliieleza hali hii baada ya kuichunguza ajali ya ndege ya shirika la Eastern, safari namba 66, mjini New York, Juni 1975, na wataalamu wenzake wengine walimtilia shaka. Tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya shirika la Delta, safari namba 191, iliangushwa na hewa ya aina hiyo ikikaribia kiwanja cha Dallas/Fort Worth, Marekani. Watu 137 walikufa. Leo rada iliyo puani mwa ndege humwonya rubani kabla hajaingia.

Dhana: Upepo ukizidi, kompyuta ndiyo inayotua

Kinyume chake. Kutua kwa otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, kuliwekwa hasa kwa ajili ya ukungu. Kwenye A320 mpaka wake kwa upepo wa ubavuni ni noti 20 tu. Kuzidi hapo ni mikono ya binadamu.

Dhana: Msukosuko huvunja mabawa na kuangusha ndege maelfu ya futi

Bawa limeundwa linyumbuke. Boeing ilipolikunja la 777 makusudi mwaka 1995, lilivunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kuliko wote uliotarajiwa safarini. Sisemi haijawahi kutokea: mwaka 1966 Boeing 707 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilivunjika angani karibu na Mlima Fuji, Japani, katika upepo mkali unaopiga mlima na kufanya mawimbi.

Kuhusu kuanguka, ndege ya Singapore Airlines ya tarehe 21 Mei 2024 inatosha. Habari za mwanzo zilisema ilishuka futi 6,000 kwa dakika chache. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba marubani ndio walioiteremsha baadaye, kwa utulivu, wakielekea Bangkok. Katika msukosuko wenyewe ilishuka futi 178, kwa sekunde 4.6. Abiria mmoja alifariki, na wengi waliumia kwa sababu wasiofunga mikanda walirushwa juu, kisha wakabamizwa chini. Taa ya mikanda ilikuwa imewashwa sekunde chache tu kabla. Wakati wa kutua kila mtu ameshafungwa kitini, hivyo mtikisiko wa pale chini huumiza wachache kuliko wa kule juu, ambako wahudumu wamesimama na vikombe mkononi.