Kukaa mbele hakutoshi

Katika shule za Bukavu bado inasemwa: mtoto kiziwi akae mbele, atasoma midomo, basi. Lakini midomoni «papa» na «mama» hufanana kabisa, na k na g hujificha nyuma kinywani. Mengi anakisia tu, na kukisia kunachosha.

Mwalimu amalize kuandika ubaoni, ageuke, ndipo aseme. Dirisha lisiwe mgongoni mwake, maana uso unakuwa giza. Kupaza sauti (wengi hukimbilia hapo) kunapotosha umbo la midomo. Maneno mapya yaandikwe kabla ya somo. Safu ya pili, pembeni, mara nyingi inafaa kuliko ya kwanza: anamwona pia mwenzake anayejibu. Lugha ya alama isikatazwe. Haimzuii kujifunza kusema.