Oregon haikuwa pori tupu: tunayoamini vibaya kuhusu magharibi ya Marekani

Wengi wetu tumeijua magharibi ya Marekani kupitia filamu: msafara wa magari ya turubai, nyika isiyo na mtu, kisha wapanda farasi wanateremka kilimani na mishale. Picha hiyo hung'ang'ania kichwani hata baada ya mtu kusoma. Hapa nazungumzia eneo moja tu, Oregon na bonde la mto Columbia, maana huko nimeona jinsi dhana moja inavyozaa nyingine.

Mama yao ni ile ya kwamba nchi ilikuwa tupu. Katika mapango ya Paisley, kusini mwa Oregon, wanaakiolojia wamechimbua kinyesi cha binadamu kilichokauka chenye umri wa takriban miaka 14,000. Kwenye maporomoko ya Celilo, katika mto Columbia, watu walivua samoni kwa maelfu ya miaka, wakisimama juu ya majukwaa ya mbao na nyavu zenye mipini mirefu. Palikuwa na soko hapo. Samoni aliyekaushwa na kutwangwa alibadilishwa kwa makombe ya pwani na ngozi za nyati kutoka nyanda za mashariki. Kwenye mto huo ilitumika pia lugha ya biashara, Chinuk Wawa, yenye maneno ya Kichinook na ya makabila jirani, na baadaye ya Kifaransa na Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana namna lugha ya sokoni inavyowaunganisha watu wasioelewana nyumbani.

Kwa nini basi walowezi wa miaka ya 1840 waliandika kwamba wamekuta ardhi wazi? Kwa sababu walifika baada ya msiba. Ndui ilikuwa imepita mwishoni mwa karne ya 18, kabla ya wazungu kuufuata mto huo kutoka bara. Mwaka 1830 ikaja homa ambayo wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa malaria, na ndani ya miaka michache ikaangamiza sehemu kubwa kabisa ya Wachinook na Wakalapuya. Vijiji vilibaki na maboma bila wenyewe. Hata yale malisho mazuri ya bonde la Willamette, ambayo walowezi waliyaona kama zawadi ya Mungu iliyosubiri jembe, yalikuwa kazi ya mikono ya watu: Wakalapuya waliyachoma moto kwa mpango ili yasimezwe na msitu, na ili mmea wa camas wenye mizizi inayoliwa, mialoni na malisho ya paa vistawi. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote. Walowezi walirithi shamba wakaliita pori.

Dhana ya pili ni kwamba Meriwether Lewis na William Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali ya Marekani na kusafiri kati ya 1804 na 1806, ndio wageni waliofika kwanza. Robert Gray aliingiza meli yake mdomoni mwa Columbia mwezi Mei 1792, na Alexander Mackenzie alivuka bara zima kupitia Kanada akafika Pasifiki mwaka 1793. Na mwaka 1788, katika safari ya awali ya huyohuyo Gray, kijana Mwafrika aitwaye Markus Lopius, aliyechukuliwa Cape Verde, alishuka kwenye pwani ya Oregon na kuuawa katika mapigano na wenyeji.

Halafu kuna Sacagawea, anayechorwa akinyoosha kidole kuelekea machweo kana kwamba aliijua njia yote. Alikuwa Mshoshone aliyetekwa akiwa msichana, akaishia kuwa mke wa mfanyabiashara wa ngozi, Toussaint Charbonneau. Alijifungua Februari 1805, na Aprili akaondoka na msafara wa Lewis na Clark, mtoto mgongoni. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ngeni kwake pia, ingawa alitambua alama kadhaa za nchi ya utotoni. Kazi yake kubwa ilikuwa ukalimani: Kishoshone kwenda Kihidatsa, mumewe akakigeuza Kifaransa, mwingine akakigeuza Kiingereza. Walipohitaji farasi, chifu waliyekuwa wakizungumza naye, Cameahwait, akatokea kuwa kaka yake. Aliyewavusha milima ya Bitterroot ni mzee Mshoshone waliyemwita Old Toby, na walipotoka huko wakiwa hoi kwa njaa, Wanez Perce wakawalisha samoni na mizizi, wakawatunzia farasi hadi majira yaliyofuata.

York, mtumwa wa Clark, alikwenda na kurudi nao. Wenzake walipewa mshahara na ardhi. Yeye hakupewa kitu, akaendelea kuwa mtumwa kwa miaka mingi.

Kuhusu misafara ya walowezi yenyewe: magari mengi yalivutwa na maksai, na watu wengi walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 3,000. Kipindupindu, kuzama mitoni na bunduki kufyatuka kwa bahati mbaya viliua wengi kuliko mishale. Kwa hesabu ya wanahistoria, kati ya 1840 na 1860 wasafiri 362 waliuawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliuawa na wasafiri.

Walowezi hawakuwa wazungu peke yao pia. George Bush, mtu mweusi mwenye mali, alisafiri mwaka 1844 na familia yake. Mwaka huohuo serikali ya muda ya Oregon ilipitisha sheria ya kuwafukuza weusi, ikitishia hadi viboko 39. Adhabu hiyo ilifutwa kabla ya kutumika, lakini Bush alikwisha kuelekea kaskazini mwa Columbia, akalima karibu na ghuba ya Puget Sound, na alijulikana kwa kuwagawia nafaka wageni waliofika bila chakula. Katiba ya Oregon ya 1857 ilirudia marufuku hiyo, na kifungu hicho kiliondolewa mwaka 1926.

Dhana ya mwisho ni kwamba wenyeji wamekwisha. Celilo ilizamishwa na bwawa la The Dalles Machi 1957, ndani ya saa chache. Lakini mikataba ya 1855 iliwahifadhia wenyeji haki ya kuvua, na bado wanavua kwa nyavu za mipini kwenye maporomoko ya Sherars, na watoto wa jamii ya wenyeji ya Grand Ronde wanafundishwa Chinuk Wawa shuleni.