Kuzungusha vipande katika programu ya kuchora makabati: dhana potofu na ukweli wake

Katika karakana za kata ya Unga Limited hapa Arusha, ambako siku hizi kompyuta hukaa jirani na msumeno wa meza, mbao nyingi ninazoona zikiharibika hazikupimwa vibaya. Zilizungushwa vibaya kwenye kioo cha kompyuta kabla hazijafika kwenye msumeno.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kipande kikishapewa vipimo, kukizungusha hakuwezi kugusa orodha ya kukatia. Ukweli unategemea umezungusha nini. Kila kipande kina mihimili yake, yaani mistari ya kupimia, ya urefu, upana na unene, na programu nyingi husoma vipimo kwa kuifuata mihimili hiyo. Ukizungusha kipande kizima, mihimili huenda nacho na vipimo hubaki vilevile. Lakini ukikifungua kipande na kuzungusha umbo lililo ndani yake, mihimili hubaki ilipokuwa, na programu hupima sanduku linaloweza kulimeza umbo lililolala mshazari. Rafu ya milimita 864 kwa 560 ikigeuzwa digrii 45 kwa njia hiyo huandikwa kuwa mraba wenye milimita 1007 kila upande. Katika ubao wa kawaida wa 2440 kwa 1220 zitatoka mbili tu, wakati rafu halisi hutoka nne bila taabu, na mteja atakuwa amelipia hewa.

Wengine husema kwamba mlango wa kushoto ukizungushwa digrii 180 huwa wa kulia. Jambo hili huwa kweli pale ambapo mlango hauna tundu la mpini na bawaba zake ziko umbali sawa kutoka juu na chini. Chukua mlango wa kabati la chini la jikoni, wenye matundu mawili ya bawaba, kila moja kipenyo cha milimita 35, upande wa nyuma, na tundu la mpini kwenye kona ya juu. Uzungushe kama usukani: bawaba zitahamia upande wa pili kama ulivyotaka, lakini mpini utashuka chini, karibu na vidole vya miguu ya mpishi. Ugeuze kama ukurasa wa kitabu: mpini utabaki juu, ila matundu ya bawaba yatatazama sebuleni. Hakuna mzunguko utakaokuokoa, kwa sababu kinachotakiwa ni taswira ya kioo, nayo ina amri yake pekee katika programu.

Ipo pia imani kwamba utaratibu wa mizunguko haujalishi. Anayebisha achukue kisanduku cha kiberiti, akilaze mezani huku urefu wake ukielekea kushoto na kulia. Akikiinamisha kwanza robo mzunguko kuelekea kwake, kisha akakigeuza robo mzunguko juu ya meza, kitabaki kimelala kwa ubavu. Akianza kwa kukigeuza, halafu ndipo akiinamishe kuelekea kwake, kitasimama wima. Mizunguko ni ileile miwili, ila kipande kimeishia pengine kabisa.

Kuhusu kuiachia programu izungushe vipande itakavyo wakati wa kuvipanga kwenye ubao, nakubali kwa ubao mweupe usio na mistari ya mti, ambao kwa rafu zile zile hutoa hata ya tano. Kwa ubao wenye mistari ya mti ni kosa, maana mlango mmoja utatoka na mistari iliyolala huku ya wenzake wote ikiwa imesimama. Funga mzunguko kwa vipande vinavyoonekana, uuache huru kwa vile vya ndani.

Na anayelalamika kwamba programu imezungusha kinyume mara nyingi ametazama kutoka nyuma: kwa kawaida pembe chanya huenda kinyume cha saa kwa anayeangalia mhimili ukimwelekea, na akihamia upande wa pili, mzunguko uleule ataona unafuata saa.