Kanuni ya tano ya Wabuddha na mambo ya pombe, maana yake hasa ni gani

Jamaa wa boda hapa Kondele aliniuliza kama Wabuddha nao wamekatazwa pombe vile Waislamu wamekatazwa. Nikamwambia shida iko kwa hilo neno kukatazwa. Mbuddha wa kawaida ana kanuni tano, kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na hii ya vileo, na hakuna inayosema usifanye, ni yeye mwenyewe anatamka kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya zamani, kwamba anachukua zoezi la kujiepusha na sura, meraya na majja. Ukiteleza leo hujafukuzwa, kesho unalichukua tena.

Sura ni pombe ya nafaka, ndugu ya busaa kabisa. Meraya ni ya kuchachusha vitu kama matunda na maua, na majja ni kitu chochote cha kulevya, ndio maana walimu wengi wanaweka bangi hapo hapo.

Lakini uzito wote uko kwa neno linalofuata, pamada, yaani kughafilika. Nilikaa kwa mjomba upande wa Kakamega, chungu cha busaa katikati, wazee na mirija yao mirefu, saa nane wanaongea mambo ya shamba kwa busara mpaka unatamani kuandika, kufika saa kumi na mbili yule mpole kuliko wote anamtukana shemeji yake matusi ya nguoni na asubuhi hakumbuki kitu. Hiyo ndiyo pamada. Akili ikitoka mlangoni, zile kanuni nne nani atazilinda?

Wana kisa cha mtawa Sagata, alimshinda joka hatari, watu wa Kosambi wakafurahi kila nyumba ikamnywesha, akaanguka langoni mwa mji, wenzake wakambeba, wakamlaza kichwa kikielekea Buddha, yeye akajigeuza miguu ndiyo ikamwelekea. Buddha akauliza, huyu si alikuwa ananiheshimu? Hapo ndipo watawa wakawekewa sheria yao ya pombe.

Jamaa akauliza, na glasi moja tu? Hapo hata wao hawakubaliani, Japani mapadri wengi wa Kibuddha wanakunywa, Thailand mtawa akinywa ni aibu kubwa. Mimi niko na hao wakali, kwa sababu hakuna mtu kwa kile chungu aliyejua ni mvuto gani wa mrija uliomtoa akili. Dawa ni kitu kingine, watawa waliruhusiwa mafuta ya dawa yaliyopikwa na pombe, mradi rangi, harufu na ladha ya pombe isionekane.