Mama Anavuta Sigara, Homoni Hazimsaidii: Msimwongezee Vidonge

Ushauri huu umezagaa na sasa nimeuchoka. Mama amekoma hedhi, anavuta sigara, anameza estradioli (aina ya estrojeni, homoni ya kike) miligramu 1 na bado usiku analowa jasho. Anaambiwa ameze 2. Asipopata nafuu, 3. Jamani, acheni! Dawa inavunjwa kwenye ini kabla haijafika inakotakiwa.

Homoni iliyomezwa hutoka kwenye utumbo ikapita kwanza kwenye ini, na hata kwa asiyevuta sehemu kubwa huishia hapo. Moshi wa tumbaku hulichochea ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya (protini inayovunja dawa mwilini) cha CYP1A2, nacho huigeuza estradioli kuwa mabaki yasiyo na nguvu. Kinachochochea ni moshi wenyewe, si nikotini, kwa hiyo bazoka au plasta ya nikotini haina kosa hapa. Tafiti zilizopima damu za wavutaji wanaomeza vidonge zilikuta homoni imeshuka sana, pengine chini ya nusu. Ni kweli zilihusisha wanawake wachache, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa. Asitokee mtu na hesabu ya sigara kadhaa kwa kidonge kimoja.

Kwa nini basi usiongeze? Kwa sababu ini ndilo hupokea kwanza dozi uliyomeza, hata kama damu inapata kidogo. Estrojeni ikipita hapo kwa wingi, ini huzalisha zaidi protini za kugandisha damu. Mvutaji tayari yuko karibu zaidi na kiharusi na mshtuko wa moyo, nawe unamwongezea hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu, huku joto la ghafla likiwa palepale na mifupa ikikosa kinga.

Njia ni ngozi. Plasta ya mikrogramu 50 kwa saa 24, inayobadilishwa mara mbili kwa wiki, huingiza estradioli kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Ibandikwe chini ya kiuno au kwenye makalio, pakavu, pasipopakwa losheni, mbali na mkanda wa nguo, na kamwe si kwenye titi. Jeli nayo inafaa, ila ina alkoholi na inashika moto: kabla haijakauka vizuri, usiwashe sigara wala kiberiti. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apate na projesteroni, homoni inayolinda ukuta wa mfuko huo, hilo halina mjadala.

Wapo wanaomnyima mvutaji homoni kabisa kwa kukariri onyo la vidonge vya uzazi wa mpango kwa wavutaji waliovuka miaka 35. Vingi vya vile vina ethinilestradioli, homoni ya kutengenezwa yenye nguvu nyingi kwenye ini. Msichanganye. Hata hivyo, ushahidi kwamba plasta haiongezi damu kuganda umetokana zaidi na kufuatilia watumiaji, si majaribio ya kuwagawa kwa bahati nasibu. Mimi nauamini, lakini simwambii mama yeyote kwamba hatari ni sifuri, maana moshi wenyewe bado unaharibu mishipa yake.

Na anayeacha sigara huku akimeza dozi kubwa? Kimeng'enya hupungua ndani ya siku chache, na kidonge kilekile kinaanza kuwa kingi: matiti yanauma, kichwa kinagonga, damu inatoka ukeni. Dozi ipitiwe upya mapema, asingojee kliniki ya mwakani. Na damu ikitoka, ichunguzwe, isisingiziwe homoni tu.