Tumbo limejaa na upepo hautoki: maswali kuhusu utumbo kuziba

Swali: Mzee wetu tumbo limejaa tangu jana, anatapika, hajapata choo wala hajajamba. Tumpe haluli, ile dawa ya kuharisha?

Hapana, tafadhali! Haluli huulazimisha utumbo kusukuma kwa nguvu ilhali mbele njia imefungwa, na unaweza kutoboka. Msimpe chakula wala kinywaji. Mpelekeni leo hii kwenye hospitali yenye upasuaji. Huko ataulizwa kama amejamba, naye asione haya kujibu. Tumbo kujaa, maumivu yanayokaza na kuachia, matapishi ya kijani na upepo usiotoka, yakikutana hayo, tunashuku utumbo umeziba.

Swali: Huzibwa na nini?

Kwetu Afrika Mashariki, kwa watu wazima, mara nyingi ni ngiri iliyonasa, utumbo mpana uliojisokota, au makovu ya ndani ya tumbo yaliyoachwa na upasuaji wa zamani. Saratani nayo huziba. Kwa watoto kuna fundo la minyoo, na kwa wachanga utumbo huweza kujimeza wenyewe, yaani kipande kimoja kikaingia ndani ya kingine.

Swali: Lazima apasuliwe?

Si kila mara. Huanza dripu, na mpira wa puani wa kutoa maji yaliyojaa tumboni. Uzibo wa makovu wakati mwingine huachia kwa hayo tu. Utumbo mpana uliojisokota, kama bado uko hai, huweza kunyooshwa kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa, ila hupenda kujisokota tena, hivyo upasuaji hupangwa baadaye. Lakini maumivu yasiyoachia kabisa, homa, mapigo ya moyo ya kasi na tumbo gumu kama ubao ni dalili kwamba damu haifiki. Hapo tunahesabu saa.

Swali: Daktari hufanya nini huko ndani?

Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, tumbo hufunguliwa katikati, msokoto ukafunguliwa au kovu likakatwa. Kisha daktari husubiri. Utumbo uliogeuka zambarau hufunikwa kwa vitambaa vya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kwa dakika kadhaa, macho yote yakiutazama. Ukirudisha rangi yake na kuanza kujivuta kama nyungunyungu, unaachwa. Ukibaki mweusi, kipande hicho hukatwa, na ncha mbili zikaungwa au moja ikatolewa nje kwenye mfuko wa choo. Najua mfuko huo unavyotisha familia. Kwa wagonjwa wengi ni wa miezi tu, kisha utumbo huungwa.

Swali: Atakula lini?

Daktari akiruhusu, kwa kuanzia na vinywaji na uji mwepesi. Msaidieni asimame na kutembea mapema. Na akijamba, mwambieni muuguzi upesi: utumbo umeamka.